"Miaka mitatu akasomee uji?" Dhana potofu kuhusu fani ya lishe

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yanapotoka, napigiwa simu na wazazi. Mtoto amepata nafasi ya kusomea lishe ya binadamu, na nyumbani ni kama kuna msiba. Baba mmoja aliniuliza, "Dada yangu, mwanangu aende chuo miaka mitatu akasomee uji?" Sikukasirika. Mjomba wangu aliniuliza swali hilohilo mwaka nilioingia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na alikuwa ananitakia mema. Haya ndiyo ninayowajibu, kwa kirefu kuliko simu inavyoruhusu.

"Lishe ni mapishi"

Mapishi yamo, lakini ni sehemu ndogo sana. Kinachokupokea ni biokemia: wanga unavunjwaje, mafuta yanasafirije kwenye damu, ini linafanya nini usiku ukiwa umelala na tumbo tupu. Halafu inakuja fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu, na lishe ya wagonjwa. Ndiyo maana kidato cha tano kuna mchepuo wa CBN, yaani kemia, biolojia na lishe. Kijana anayekuja huku akikimbia kemia ataikuta imemtangulia.

Hilo la kwamba ni kozi ya wasichana tulipite. Baadhi ya maafisa lishe hodari ninaowajua ni wanaume.

"Kumlisha mtoto aliyekonda hakuhitaji digrii"

Hapa ndipo roho huniuma zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu analetwa wodini. Ukanda wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali, na miguu yake ukiibonyeza inabaki na shimo. Bibi yake amebeba hotpoti ya ndizi na nyama, kwa sababu anampenda mjukuu wake na anaona kinachomsumbua ni njaa. Chakula hicho, kikiingia chote siku ya kwanza, kinaweza kumuua.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hujibana. Moyo, figo na ini hufanya kazi kwa kiwango cha chini, na akiba ya potasiamu, magnesiamu na fosfeti huwa imekwisha. Chakula kingi kikiingia kwa ghafla, insulini hupanda na kuyavuta madini machache yaliyobaki kwenye damu yaingie ndani ya seli. Moyo hubaki bila yale unayoyahitaji ili upige sawasawa. Madaktari walishuhudia hali hii mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia: mateka waliokuwa wamekondeana walifunguliwa, wakalishwa, na baadhi yao wakafa wakiwa tayari mikononi mwa waliowaokoa.

Kwa hiyo wodini tunaanza na maziwa maalumu yanayoitwa F-75. Yana kilokalori 75 katika kila mililita 100 na protini kidogo, na hutolewa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Madini ya chuma hatumpi kwanza hata kama damu yake ni pungufu, maana katika hatua hii yanaweza kuuzidishia nguvu ugonjwa alionao. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo tunahamia taratibu kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, au chakula dawa cha karanga. Ukikosea mpangilio, unampoteza mtoto mbele ya mama yake. Mimi nasema hilo linastahili miaka mitatu chuoni.

Tena wazazi wa zamani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Neno kwashakoo, yaani utapiamlo wa kuvimba kama wa mtoto huyu, limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko enzi za ukoloni, aliliandika mwaka 1935 kama alivyolisikia: ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Akina mama walikuwa wameshaona kwamba mtoto anayeachishwa ziwa mapema, akabaki na uji mtupu, huvimba. Sayansi ilikuja kueleza walichokwisha kukipa jina.

"Penye chakula kingi hapana utapiamlo"

Nenda Iringa, Njombe au Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, kwa watoto chini ya miaka mitano nchini ni asilimia 30, na huko Iringa umepita nusu ya watoto wote. Njombe na Rukwa wanafuatia, nako ni karibu mtoto mmoja kati ya wawili.

Sababu ziko ndani ya siku ya kawaida ya familia. Msimu wa kilimo mama anatoka alfajiri, anarudi jua linazama. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane na bakuli la uji mwepesi uliopoa. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, haliwezi kupata kutoka kwenye uji wa maji kile linachohitaji kwa milo miwili. Maharage yapo ndani ila hayasagwi kwa ajili yake, mayai yanapelekwa gulioni, na kuhara kunachukua hata kile kidogo alichokula.

Na huo "uji wa lishe" wa kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga? Nafaka tano kwenye mfuko mmoja bado ni kundi moja la chakula. Karanga na soya zikisagwa pamoja na kukaa muda mrefu huchacha, na karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwanafunzi wa lishe hujifunza ghala la mkulima kama anavyojifunza sufuria.

"Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni"

Mtandaoni utaambiwa bitiruti inaongeza damu, kwa sababu ni nyekundu. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu 1 ya chuma, ilhali maini ya ng'ombe yana karibu 5, tena ya aina ambayo mwili hufyonza kwa urahisi. Hutaambiwa kwamba chai unayoshushia maharage inazuia chuma kisifyonzwe. Mgonjwa wa figo atashauriwa ale kwa wingi parachichi na ndizi, zilizojaa potasiamu, bila mtu kumuuliza kipimo chake cha potasiamu kinasemaje.

Kenya walitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, na anayetaka kufanya kazi hiyo anapaswa kusajiliwa. Naona walifanya vyema. Cheti cha semina ya wikiendi na makopo ya virutubisho ya kuuza hayamfanyi mtu kuwa mtaalamu, hata awe na wafuasi wangapi.

"Hakuna ajira"

Hapa lazima niwe mkweli: ajira za serikali hazitoshi wote, na wapo niliosoma nao waliosubiri miaka. Lakini kazi zipo: halmashauri zina maafisa lishe, kuna hospitali, miradi ya mashirika, viwanda vya unga na mafuta vinavyotakiwa kuongeza virutubisho, na Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wakuu wa mikoa wanapimwa kwa mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Fedha hiyo inahitaji mtu wa kuifuatilia kwenye vikao vya bajeti, na mtu huyo ni afisa lishe. Ninamshauri kijana ajifunze pia kusoma bajeti na kuongea mbele ya madiwani.

Yule baba wa swali la uji alimruhusu binti yake, na sasa yuko mwaka wa pili. Juzi baba huyo alinipigia tena. Magunia yake mawili ya karanga yalinyeshewa ghalani yakaota ukungu, na binti amemwambia asiziuze, asizisage na asizile. Alitaka kusikia kwangu kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, azifukie, tena mbali na kuku.