Rais hajichagulii majaji, jamani

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa wakili mwenzangu: eti Rais wa Kenya huteua marafiki zake kuwa majaji. Hiyo ilikuwa Katiba ya zamani, ambapo hata JSC, yaani Tume ya Huduma za Mahakama, ilijaa watu wake. Tangu Katiba mpya ya 2010, Kifungu cha 166 kinamtaka ateue aliyependekezwa na tume, basi. Bunge huidhinisha Jaji Mkuu na naibu wake tu. Mwaka 2015 sheria ilibadilishwa ili Rais apelekewe majina matatu ya Jaji Mkuu achague. Mahakama Kuu ikaifutilia mbali 2016.

"Mbona Rais Uhuru Kenyatta alikataa?" Ndiyo, majina 41 ya majaji yaliyopendekezwa na tume 2019 yalikaa karibu miaka miwili. Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi (mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki). Sita hao waliapa Septemba 2022, Rais Ruto alipoingia madarakani. Huko si kuchagua, ni kukaidi. Kifungu cha 166 hakimwekei Rais siku ya mwisho, wamwekee, tuendelee.

Kinachonichoma ni suala la wanasiasa. Wengi hudhani mwanasiasa haruhusiwi kuwa jaji. Anaruhusiwa. Njoki Ndung'u alikuwa mbunge wa kuteuliwa hadi 2007, akaingia Mahakama ya Juu 2011, na sina neno naye. Lakini someni Kifungu cha 88: kamishna wa IEBC, tume ya uchaguzi, lazima awe amekaa miaka mitano bila ubunge, bila kugombea, bila uongozi wa chama. Huyo ni msimamizi wa kura! Jaji wa Mahakama ya Juu anayeamua, ndani ya siku 14 na bila rufaa, kama kura hizo za urais zilisimamiwa sawasawa hatakiwi kungoja hata wiki. Ajiuzulu wadhifa wa chama, aape. Walioandika Katiba walikuwa wamesinzia?

Ningewawekea majaji miaka mitano ileile. Ingesaidia? Sijui. Kuna wakili anayeutetea mrengo mmoja wa siasa uchaguzi hadi uchaguzi bila kugombea hata udiwani. Huyo miaka mitano haimgusi. Usaili wa JSC mbele ya kamera ungemfichua, ila kamera humpenda mwenye ulimi, na mwandishi mzuri wa hukumu huweza kutoka pale akionekana bubu.

Tusisahau JSC yenyewe. Kati ya wajumbe 11 yumo Mwanasheria Mkuu, na wawili wa kuwakilisha umma wanaoteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Wawili wengine tunawachagua sisi mawakili. Wakija kuomba kura, waulizeni kuhusu hiyo miaka mitano kabla hamjapokea fulana.