Kasi ya mteremko: maporomoko ya ardhi yanavyofuatiliwa na hatari yake inavyokadiriwa

Miteremko mikubwa yenye kina kirefu mara nyingi hutambaa kwanza, milimita chache kwa mwezi, kabla ya kuachia. Kufuatilia maporomoko ni kupima kasi ya kutambaa huko na maji yanayoichochea. Kukadiria hatari ni hesabu nyingine: nani yuko njiani, na litampata nini.

Kifaa rahisi kuliko vyote ni vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ufa, na rula ya chuma. Vizame angalau nusu mita, la sivyo utakuwa unapima udongo wa juu unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Kosa la kila mara ni kuvipigilia vyote ndani ya ardhi inayotembea: vinasafiri pamoja na rula haioni kitu. Ongeza kigingi cha tatu, viwe pembetatu, maana viwili haviwezi kuonyesha kama upande mmoja umeteleza kando.

Kina cha utelezi hujulikana kwa inklinomita. Bomba lenye mifereji hushushwa kwenye shimo lililochorongwa, kisha kifaa cha kupimia mwinamo hupitishwa humo na kusomwa kila nusu mita. Kitako cha bomba kisipofika kwenye ardhi imara chini ya utelezi, vipimo vyote ni bure. Piezomita nayo hupima shinikizo la maji ardhini. Kila mita ya maji huongeza takriban kilopaskali 9.8 za kuzitenganisha chembe za udongo zilizokuwa zimeshikana, na kwa kuwa maji huzama polepole, mteremko unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika.

Rada ya satelaiti kama Sentinel-1 hugundua mwendo wa milimita kwenye eneo pana, ila haioni vizuri mwendo wa kaskazini–kusini, na majani mengi huivuruga.

Namba zikishapatikana, jumla ya mwendo si muhimu kama mabadiliko ya kasi. Gawanya 1 kwa kasi, uchore matokeo dhidi ya siku. Leo milimita 2 kwa siku: 0.5. Baada ya siku 5, milimita 2.5: 0.4. Siku 5 nyingine, milimita 3.33: 0.3. Mstari ukiendelea hivyo, utagusa sifuri siku 15 baada ya kipimo hicho cha mwisho, na hapo ndipo anguko hutarajiwa. Mvua moja kubwa inaweza kuupinda mstari huo, kwa hiyo huchorwa upya kila kipimo kinapoingia. Maporomoko ya tope ya kina kifupi kwa kawaida hayana hatua hii ya kutambaa. Kwa hayo hutumika viwango vya mvua: kiasi gani, kwa saa ngapi.

Vipimo peke yake havitoshi. Vaiont, Italia, mteremko ulipimwa kwa takriban miaka mitatu, na watu wakaamini wataudhibiti kwa kupandisha na kushusha maji ya bwawa. Tarehe 9 Oktoba 1963 uliingia bwawani wote kwa mkupuo, na wimbi likaua karibu watu 2,000.

Hesabu ya hatari huanzia kwenye uwezekano. Tuseme anguko lina uwezekano wa 0.01 kwa mwaka, nyumba kufikiwa 0.5, mtu kuwemo ndani 0.5, na aliyemo kufa 0.4. Zidisha: 0.001, yaani 1 kwa 1,000 kila mwaka. Hong Kong huvumilia 1 kwa 10,000 kwa miteremko iliyopo na 1 kwa 100,000 kwa mipya, hivyo nyumba hiyo imepita kiwango mara kumi au mia. Tahadhari inagusa namba moja tu katika mnyororo huo, ile ya mtu kuwemo ndani, tena endapo king'ora kitamwamsha usiku. Mifereji ya kutoa maji mteremkoni hugusa ile ya kwanza.