Kujua Kosa na Kujizuia: Ubongo wa Kijana Mbele ya Hakimu

Ninapowasilisha mahakamani ripoti ya kisaikolojia kuhusu mtoto aliyeshtakiwa, swali ninaloulizwa kwanza ni kama mtoto huyo alijua kwamba alichokitenda ni kosa. Mara nyingi jibu langu ni kwamba alijua. Kijana wa miaka 15, awe wa mtaa wa Kayole au wa Lang'ata hapa Nairobi, anafahamu kwamba kunyang'anya mtu simu ni uhalifu, na akiketi nami mchana bila haraka atanieleza madhara yake kwa ufasaha unaowashinda baadhi ya watu wazima. Kutokana na jibu hilo wengi huona hakuna sababu ya kumtofautisha na mtu mzima. Ninalipinga hitimisho hilo, kwa kuwa kujua kosa na kuweza kujizuia ni mambo mawili, nayo hayakomai kwa wakati mmoja.

Tangu miaka ya 1990, watafiti kama Jay Giedd wa Marekani wamekuwa wakipiga picha za ubongo za watoto walewale kadiri wanavyokua, kwa mashine za MRI. Ubongo hukaribia ukubwa wake wa mwisho mapema utotoni, lakini ndani yake kazi huendelea hadi baada ya miaka 20: miunganisho isiyotumika kati ya seli za neva hupunguzwa, na nyuzi zinazobaki huvikwa mielini, utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano. Miongoni mwa sehemu zinazokomaa mwisho ni ile iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa. Mfumo wa hisia na tuzo, unaotumia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, huchangamka mapema zaidi, balehe inapoanza. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anaweza kufikiri karibu sawa na mtu mzima akiwa ametulia, lakini akipandwa na hamaki, au akizungukwa na wenzake, uwezo huo hupungua sana.

Jambo hilo la wenzake lina uzito kuliko linavyopewa. Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha mwaka 2005 utafiti uliotumia mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: washiriki wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wakiwa na rika lao kuliko walipokuwa peke yao, ilhali watu wazima hawakubadilika hivyo. Yeyote aliyefuatilia visa vya mabweni kuchomwa katika shule zetu atautambua mwenendo huo, ingawa simaanishi kwamba waliopoteza watoto wao katika mioto hiyo wanapaswa kufarijiwa kwa somo la neva.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilizingatia tofauti hizi za ukuaji ilipopiga marufuku mwaka 2005 hukumu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18, na tena mwaka 2012 ilipokataa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiliwa kuwa adhabu ya lazima kwa watoto. Hapa kwetu Kenya, Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi unaofaa, na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa dhima ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya hadi ushahidi uoneshe vinginevyo. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kipimo hicho bado kinauliza kuhusu kujua tu, na kuhusu kujizuia hakiulizi chochote.

Wapo wanaouliza: kama kijana hajakomaa, kwa nini asikilizwe kuhusu matibabu yake au kuhusu mzazi atakayeishi naye? Sioni mgongano wowote. Maamuzi hayo hufanywa polepole, pamoja na ushauri, katika mazingira ambayo ubongo wake unafanya kazi vizuri. Chumba cha mahojiano katika kituo cha polisi ni kinyume chake kabisa, kwa sababu mtoto aliyechoka na kuogopa hujali zaidi kwenda nyumbani usiku huo kuliko kifungo cha miaka ijayo, na anaweza kukiri hata asichokitenda. Mzazi na wakili wawepo kabla ya swali la kwanza kuulizwa, wala si baada ya maelezo kutiwa saini.

Sayansi hii ina mipaka, nami huieleza mahakamani bila kusubiri kuulizwa. Picha hizo zinatoa wastani wa makundi. Haziwezi kuthibitisha kwamba mshtakiwa fulani alishindwa kujizuia usiku fulani. Kwa hiyo ripoti yangu hujikita katika mambo yanayochunguzika: alikuwa na nani, nani alitoa wazo, alikuwa na muda gani wa kufikiri, alifanya nini baadaye. Mpango uliosukwa kwa wiki kadhaa na mtu mmoja ni tofauti na vurugu za dakika tano, hata umri ukiwa uleule.

Ubongo pia hauijui siku ya kuzaliwa. Sheria lazima iweke mpaka mahali fulani, na miaka 18 ni mpaka unaokubalika, lakini mwenye miaka 19 anayehukumiwa kama mtu mzima ana ubongo unaofanana zaidi na wa mwenye miaka 17 kuliko wa mwenye 35. Hakimu anaruhusiwa kuuzingatia ujana wake anapopima adhabu, na mawakili wanaotetea vijana wa umri huo wanapaswa kuomba tathmini ya kisaikolojia kabla ya hukumu hiyo kusomwa.