“Kila kitu kipite kwangu” na dhana nyingine zinazowaelemea viongozi

Shughuli zikiongezeka, mkurugenzi hutoa agizo lilelile: kuanzia leo kila dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba idhini, lipite kwangu. Anaamini saini yake inazuia makosa. Jamani, dokezo la 40 kwa siku halisomwi, linasainiwa tu!

Tufanye hesabu. Mezani pana madokezo 60, unamaliza 12 kwa siku; lililoingia leo litatoka baada ya siku 5 za kazi. Na kadiri siku yako inavyojaa, foleni hukua kwa kasi ya kutisha. Kazi zikifika bila mpangilio na zikitofautiana sana kwa urefu, ukiwa umebanwa asilimia 80 ya muda wako, jambo la dakika 10 huchukua wastani wa dakika 50 hadi litoke. Ukibanwa asilimia 95, ni dakika 200.

Kasimu madaraka, yaani wape walio chini yako mamlaka ya kuamua, tena kwa maandishi. Chukua madokezo ya wiki 4 zilizopita, yapange kwa kiasi cha fedha, kisha weka kikomo kitakachofanya robo tatu yaishie kwa wakuu wa idara. (Taasisi za umma zina vikomo vya kisheria, hivyo usiviguse.) Ukurasa mmoja unatosha: nani anaamua nini, hadi shilingi ngapi, na lini lazima alete juu. Anayeandaa malipo asiwe anayeidhinisha. Nakala ifike uhasibu na masijala. Hapo ndipo wengi hukwama: wamekasimu kwa mdomo, mhasibu hajaona karatasi, faili linarudi palepale. Kila Ijumaa chomoa madokezo 10 bila kuchagua, uyasome neno kwa neno. Ukikuta kosa, rekebisha ule ukurasa, usijirudishie saini.

“Tuongeze vikao.” Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawiliwawili, watu 20 wana 190. Gawa kazi ili timu ndogo imalize jambo bila kusubiri idara nyingine.

“Tununue mfumo wa kompyuta.” Punguza hatua kwanza. Saini 7 zikiingizwa kwenye mfumo zinabaki 7.

“Kiongozi mzoefu hakosi jibu.” Kufunga hesabu za mwaka ni kazi ngumu, lakini njia yake inajulikana; mwite mtaalamu. Namna wateja watakavyopokea bei mpya haijulikani na yeyote mapema. Jaribu tawi moja kwa wiki 6, na kiasi cha hasara kitakachokusimamisha kiandikwe kabla ya siku ya kwanza, maana mkishaanza kila mtu atakuwa na sababu ya kuomba wiki 2 zaidi.