Je, wajua kwa nini sensa nne za oksijeni hubaki mbili injini ya V8 ikihamia pikapu ya zamani?

Chukua Chevrolet C10 ya mwaka 1970, iliyotoka kiwandani na kabureta, uiwekee V8 ya lita 5.3 ya Silverado ya mwaka 2002. Injini hiyo huja na sensa nne, mbili kila upande: moja kabla ya masega (kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba), nyingine baada yake. Za mbele huiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Za nyuma kazi yake ni kukagua kama masega bado yanasafisha moshi. Masega yasipowekwa, za nyuma huzimwa kwenye programu ya kompyuta, la sivyo taa ya injini haizimiki. California hairuhusu hilo kwa gari linalopaswa kukaguliwa moshi: injini iliyohamishwa lazima iingie na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi, sensa zote nne zikiwemo.

Za mbele hazina mjadala. Kila moja hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9. Chini ya 0.45, petroli ni pungufu. Juu yake, imezidi. Injini ikishapata moto, namba hiyo hupanda na kushuka bila kutulia.

Kosa baya kuliko yote ni kupishanisha plagi za nyaya za sensa ya kushoto na ya kulia, maana zinafanana kabisa. Upande wa kwanza ni wa silinda 1, 3, 5 na 7, yaani kushoto ukitazama mbele ya gari. Zikipishana, sensa ya kushoto ikilalamika petroli ni pungufu, kompyuta huongeza kulia. Kulia kukizidi, kompyuta hupunguza kushoto, na kushoto kunazidi kukauka. Pande mbili hazisawaziki tena. Fungua plagi za moto uone: upande mmoja masizi meusi, mwingine weupe.

Nati ya kuchomelea kwenye bomba, ambamo sensa hufungwa, ni ya M18 × 1.5. Iweke pale mabomba manne ya upande mmoja yanapoungana, karibu iwezekanavyo, kwa sababu sensa isiyo na joto haisomi. Upande wa nyaya uinuke angalau digrii 10 juu ya usawa. Maji ya moshi yakituama ndani, kauri hupasuka. Wakati wa kuchomelea, sensa iwe imetolewa.

Ziba kila tundu kabla ya sensa. Moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba huvuta hewa ya nje. Sensa huhesabu oksijeni, haihesabu petroli, hivyo hudhani petroli imepungua na kompyuta humwaga zaidi. Ila usizibe kwa silikoni ya kawaida, mvuke wake huiua sensa.

Mabomba marefu yakilazimu kurefusha nyaya nne (mbili za hita, mbili za ishara), tumia kipande cha nyaya chenye plagi zake, usitie lehemu. Sensa nyingi za aina hii huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na lehemu huziba njia hiyo.