Boti ya dawa imepita kisiwa chetu: yanayofanyika, na mnayotakiwa kuyafanya, baada ya kimbunga

Kila msimu wa vimbunga lalamiko ni lile lile: boti ya matibabu imepita mbele ya kisiwa chetu bila kutia nanga. Sisi tunaopanga safari za boti hiyo uchungu huo tunauelewa. Lakini boti hupakiwa kulingana na taarifa zinazotoka visiwani. Kisiwa kilicho kimya hatukihesabu kuwa salama, maana mara nyingi ukimya ni mnara wa simu ulioanguka. Ila tunalazimika kutuma kwanza ndege au boti ya kutazama, ambayo haitibu mtu, na muda unapotea.

Taarifa inayotufaa ni fupi. Ni majeruhi wangapi hawawezi kutembea? Ni wajawazito wangapi wako katika mwezi wa mwisho? Nani anatumia insulini? Zahanati ina paa na friji inayofanya kazi? Gati limebaki, au boti itashusha mizigo ufukweni? “Hali ni mbaya sana, tusaidieni” haituambii tupakie nini. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine hawasubiri taarifa yoyote. Wengi wao huhitaji huduma hiyo mara 3 kwa wiki, kwa hiyo wahamishwe kabla ya upepo, bahari ikiwa bado inapitika.

Hadi boti ifike, hospitali yenu ni muuguzi, mkunga na wahudumu wa afya waliopo hapo kisiwani. Kosa kubwa la siku hizo ni kushona majeraha. Jeraha la bati au ubao uliopita kwenye tope, hata likionekana dogo, lisishonwe siku hiyo. Lioshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka, mtaalamu aondoe uchafu na nyama iliyokufa, kisha lijazwe kwa wepesi chachi yenye unyevu na kuachwa wazi. Likiwa safi, hushonwa kati ya siku ya 2 na ya 5. Tunajua jamaa hulalamika kwamba mgonjwa “ameachwa na kidonda wazi”. Kidonda kilichofungwa juu ya tope huoza kwa ndani, na pepopunda hupenda mahali pasipo na hewa. Mkoani Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004, waliripotiwa wagonjwa 106 wa pepopunda na 20 kati yao walifariki. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, kwa hiyo taya likikaza wiki ya pili, msiseme jeraha lilishapona.

Kuhusu maji, klorini huua vijidudu lakini haiondoi chumvi. Kisima kilichoingiwa na bahari msikichote mpaka kikauke, tena na tena, mkidhani mnakisafisha. Kwenye visiwa vidogo maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo ardhini, na mkivuta kwa nguvu mnapandisha chumvi wenyewe. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa, yatiwe klorini, yasubiri dakika 30.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Chupa inayotumika huvumilia takriban wiki 4 kivulini ikiwa joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, basi msiitupe kwa sababu umeme umekatika. Iliyoganda kwenye barafu ndiyo ya kutupwa. Sindano ya oksitosini, inayozuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, nayo huharibika kwa joto. Pale ambapo haipo au haiaminiki, mkunga humpa mama vidonge vya misoprosto, jumla ya mikrogramu 600, mara mtoto anapozaliwa, baada ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni.

Na tuseme tena, kwa sababu bado tunasikia watu wakizikwa haraka bila kutambuliwa: miili ya waliokufa kwa majeraha au kuzama haileti mlipuko wa magonjwa. Kipindupindu huletwa na kinyesi cha walio hai kikiingia kwenye maji.

Sasa misaada. Dawa zinazotolewa lazima ziwe zimeombwa, ziwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi, ziandikwe kwa lugha inayoeleweka huko, na zibakize angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda zinapofika. Katoni isizidi kilo 50, na dawa zisichanganywe na nguo. Zilizorudishwa na wagonjwa hazipokelewi kabisa. Mzigo usiotimiza hayo huzuiwa na kuteketezwa, na kuteketeza dawa ni ghali: Aceh ilipokea takriban tani 4,000, na karibu tani 600 zikabidi kuharibiwa.

Madaktari wa kujitolea wasipande boti kwa moyo mwema pekee. Timu hujisajili kwanza kwa wizara ya afya ya nchi husika, ikionyesha leseni ya kila mmoja. Kutibu bila kibali ni kosa la kisheria hata wakati wa maafa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, timu ndogo inayotembea iweze kuona wagonjwa wa nje 50 kwa siku na ijitegemee kwa wiki 2 kwa maji, chakula na mafuta. Kisiwa chenye kiu hakiwezi kulisha wageni.

Kabla ya kuondoka, kila mgonjwa aachiwe karatasi yake, na nakala ibaki zahanati. Mtu aliyewekewa vyuma mguuni bila maandishi hubaki na muuguzi asiyejua viliwekwa lini, wala vitolewe lini na nani.