Jacob Grimm hakuwa mtunga hadithi za watoto

Ukimtaja Jacob Grimm, msomi Mjerumani aliyekusanya hadithi za kimapokeo pamoja na mdogo wake, watu hukumbuka Cinderella na ndugu hao wawili wakizunguka vijijini Ujerumani kuwasikiliza wakulima. Si kweli. Wasimulizi wao wengi waliwafuata mjini Kassel, na kadhaa walikuwa mabinti wa familia zenye uwezo, kama akina Hassenpflug. Hata Dorothea Viehmann, aliyewapa hadithi nyingi, alikuwa mke wa mshona nguo.

Na kazi kubwa ya Jacob ilikuwa Kijerumani cha kale. Mwaka 1812, uleule kilipotoka kitabu chao cha hadithi, yeye na mdogo wake Wilhelm walichapisha Hildebrandslied, kisa cha baba na mwana wanaokutana vitani. Kilikuwa kimenakiliwa kwenye kurasa za kwanza na za mwisho za kitabu cha dini, maneno yamefululizwa kama nathari. Wao ndio walioonyesha kwamba ni shairi, lenye sauti zinazojirudia mwanzoni mwa maneno. Linakatika, kwa uchungu kweli, kabla hatujajua nani kafa.

Baadaye Jacob akaandika sarufi ya Kijerumani, kisha wote wawili wakaanza kamusi ya lugha hiyo. Jacob alifariki 1863 akiwa bado kwenye herufi F. Wengine waliimaliza 1961.